Picha Zije Kigoma, na Majina Yaandikwe

Wazo la kuzungusha maonyesho ya picha mikoani, ili Watanzania wa makabila mbalimbali waonane na wale wanaofanya kazi kubwa bila kutajwa wapate heshima yao, nimelipokea kwa moyo mkunjufu. Ombi langu ni moja: chini ya kila picha liandikwe jina kamili la aliyepigwa, endapo mwenyewe ameridhia.

Sisi wa Ujiji, hapa Kigoma, tunajua uchungu wa kukosa jina. Mgeni akifika mahali walipokutana wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley mwaka 1871, husimuliwa habari za wawili hao. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwataja hao wenzao?

Shangazi yangu anaanika dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, tangu sijaanza shule. Mitumbwi ikirudi alfajiri, yeye huinama na kuwatandaza kwa kiganja, kisha huwageuza mmoja mmoja pale walipogandana, magamba yakimmetameta hadi kwenye viwiko. Miaka kadhaa iliyopita mpiga picha alimpiga akiwa katika hali hiyo. Picha ilitokea kwenye kalenda, nayo kwa kweli ilipendeza, lakini chini yake palikuwa na maneno "Mwanamke wa Ziwa Tanganyika". Hakuombwa ruhusa wala hakupewa nakala. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwani walishindwa kuniuliza naitwa nani?" Nami simtaji hapa, kwa sababu jina ni lake, na ni yeye wa kulitoa.

Mkoa wetu una Waha, Wamanyema ambao wazee wao walitoka Kongo, Wabembe na Watongwe. Ukiwapiga picha watu hawa wakiwa wamevaa mavazi ya ngoma tu, utakuwa umeonyesha nguo. Wapigwe wakiwa kazini: anayekamua mawese, fundi wa mitumbwi, mkunga anayeamshwa usiku wa manane.

Na maonyesho yasiishie kwenye kumbi za Dar es Salaam. Yaletwe stesheni ya Kigoma, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, kisha yashuke hadi Kibirizi, yatundikwe pasipo kiingilio, mahali ambapo mama mwenye beseni kichwani anaweza kusimama na kujisoma.