Dozi ya nyongeza si lazima ifanane na ya kwanza

Tanzania ilipozindua chanjo ya UVIKO-19 Julai 2021, ilianza na Janssen (ya Johnson & Johnson), dozi 1,058,400. Baadaye zikaja chanjo nyingine, na mwenye Janssen kwenye kadi yake ya chanjo akawa na swali: nyongeza nayo iwe Janssen?

Wanaosema iwe ileile wanaogopa kubahatisha. Lakini kubadilisha ni mbinu inayopangwa makusudi. Chanjo ya Ebola iliyoanza kutolewa Goma, mashariki mwa Kongo, Novemba 2019 ilikuwa na sindano mbili tofauti: ya kwanza imebebwa na kirusi kiitwacho Ad26, ya pili, baada ya siku 56, imebebwa na kirusi kingine kiitwacho MVA. Janssen ya UVIKO nayo ilisafiri ndani ya Ad26. Mwili ukishamzoea mbebaji huyo, unaweza kumvamia kabla hajafikisha mzigo. Pfizer na Moderna, chanjo nyingine za UVIKO, hazitumii kirusi kama mbebaji.

Mwaka 2021 Marekani ilipima jambo hili kwa watu 458. Kwa walioanza na Janssen, siku ya 15 baada ya nyongeza kingamwili zilikuwa zimepanda mara 4 kwa Janssen, mara 35 kwa Pfizer na mara 76 kwa Moderna. Hiyo 76 ndiyo iliyonukuliwa kila mahali, na ina kasoro zake. Moderna iliyotumika ilikuwa mikrogramu 100, ilhali nyongeza iliyoidhinishwa mwaka huo ilikuwa 50. Tena kilichopimwa ni damu, si vitanda vya hospitali. Kule Afrika Kusini, wahudumu wa afya waliorudia Janssen wakati wa Omikroni walikingwa dhidi ya kulazwa kwa takriban 85% katika mwezi wa kwanza hadi wa pili. Kwa hiyo kurudia si kazi bure, na hii ndiyo hoja nzito ya upande ule. Hata hivyo, tuiweke kando Moderna yote: Pfizer ilitolewa kwa kipimo chake cha kawaida, na 35 bado iko mbali sana na 4.

Gharama ipo. Katika utafiti wa Uingereza, 34% ya waliopata AstraZeneca, nayo chanjo iliyobebwa na kirusi, kisha Pfizer walihisi homa. Waliorudia AstraZeneca, 10%. Mchanjwaji aambiwe mapema, asije akadhani amedhurika.

Kosa la meza ya kuchanjia lilihitaji uangalifu zaidi. Pfizer ya kifuniko cha zambarau ilizimuliwa kwa mililita 1.8 za maji ya chumvi ya sindano, kila mtu alichomwa 0.3, na kichupa kilitupwa saa 6 baada ya kuzimuliwa. Janssen ilikuwa 0.5 bila kuzimua. Nyongeza ya Moderna ya wakati huo ilikuwa 0.25. Aliyezoea Janssen akivuta 0.5 kutoka kichupa cha Pfizer, alimzidishia mtu dozi, na kichupa cha watu 6 kiliishia kwa 4. Kila meza iwe na aina moja tu ya chanjo, na kadi iandikwe jina na namba ya toleo.

Na siku ambayo jokofu lilikuwa na Janssen peke yake, mwenye Janssen alistahili kuchanjwa hiyohiyo, si kurudishwa nyumbani.