Usiandike nywila ndani ya skripti

Nikiitwa kukagua seva, mara nyingi nakutana na mstari uleule: sshpass -p (programu inayojaza nywila badala ya mtu), kisha nywila nzima, kisha jina la seva. Mstari huo umo ndani ya skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe. Aliyeuandika alikuwa na haja ya kweli. Nakala rudufu zinahamishwa saa nane usiku, na saa hizo nani atakaa akingoja kuulizwa nywila? Haja hiyo naiheshimu. Njia ndiyo ninayoipinga.

SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, huomba nywila kwenye terminali yenyewe, yaani dirisha la kuandikia amri, makusudi, ili iandikwe na binadamu. sshpass huihadaa kwa kuitengenezea terminali bandia. Ukitumia -p, mwingine aliye kwenye mashine hiyo anaweza kuinasa nywila kwa amri ya ps, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. Ukiiandika amri hiyo kwa mkono, nywila inabaki kwenye historia ya Bash, programu inayopokea amri zako. Na mtafiti Tatu Ylönen aliiunda SSH mwaka 1995, kule Finland, baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake!

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye seva, ilikuwa imetawanyika kwenye skripti kumi na moja. Mwenzetu alipoacha kazi ilipasa tuibadilishe siku ileile. Ilituchukua wiki tatu, kwa kuwa hakuna aliyejua skripti zote zilipo. Muda wote huo nililala kwa wasiwasi, ingawa yeye alikuwa muungwana na hakugusa kitu.

Kwa ufunguo, yaani jozi ya faili, moja la umma na moja la siri, linaloshika nafasi ya nywila, tungefuta mstari mmoja tu katika authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusiwa, kwenye kila seva. Unautengeneza kwa ssh-keygen -t ed25519, unapeleka ule wa umma kwenye seva kwa ssh-copy-id, na ule wa siri hautoki kwenye kompyuta yako. Ulinde kwa fungu la maneno (nywila ya ufunguo wenyewe), na programu ya ssh-agent ikukumbukie. Kazi ya usiku itahitaji ufunguo usio na fungu hilo; basi ufunge kwa command= na from= katika mstari wake wa authorized_keys, ili hata ukiibwa ufanye kazi ile moja tu, kutoka anwani ile moja.

Vipo vifaa vya zamani vya mtandao visivyokubali ufunguo. Hapo tumia sshpass -f, inayosoma nywila kutoka kwenye faili, na faili hilo lisomwe na mwenyewe peke yake.

Kwingineko, weka PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya SSH ya seva, ili nywila isikubaliwe tena. Ila usifunge dirisha ulilo nalo kabla hujafungua la pili na kuingia kwa ufunguo.