Ule "wino" wa simu ndio mlango wetu wa leza

Pale Mwanjelwa, simu ikidondoka na doa jeusi likaanza kutambaa, mteja humwambia fundi, "Kaka, kioo kimevuja wino." Kwenye simu nyingi za bei nafuu, kile si wino. Ni fuwele kimiminika: inatiririka kama mafuta, lakini molekuli zake, zilizo kama vijiti, zinalala kwa kufuata mwelekeo mmoja. Aliyeigundua mwaka 1888, Friedrich Reinitzer wa Austria, alikuwa mtaalamu wa mimea. Aliona kitu kikiyeyuka mara mbili: kwa nyuzi 145.5 kikawa uji wenye ukungu, kwa 178.5 ukungu ukaisha, kikawa angavu.

Mimi nasema vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) hapa Mbeya na Mkwawa kule Iringa, vikitaka kukuza utafiti wa leza, vipitie mlango huu.

Sababu ni hii. Kwa kawaida mwanga hupita kwenye kioo au maji bila kuyabadilisha. Ili uyabadilishe, unahitaji mwanga mkali mno. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake kule Michigan walipitisha leza ya rubi, nyekundu ya nanomita 694, kwenye fuwele ya kwazi (quartz), wakapata mwanga wa urujuanimno wa nanomita 347, nusu kamili ya urefu wa wimbi. Lakini ulikuwa hafifu kiasi cha kuonekana kidoa tu kwenye picha.

Fuwele kimiminika haihitaji nguvu hizo. Umewahi kusimama Usangu upepo ukipita juu ya mpunga? Bua moja haliinami peke yake, shamba zima linafuata. Vijiti hivi ni hivyo hivyo: mwanga ukivisukuma kidogo, majirani nao wanageuka, na njia ya mwanga wenyewe inabadilika. Ukiichanganya fuwele hii na rangi inayofaa, leza ya miliwati chache inatosha kujikusanya yenyewe au kutupa pete za mwanga ukutani. (Ukutani, jamani, si machoni. Hata leza ndogo inaharibu jicho.)

Kuna shida ya baridi. Fuwele inayotumika sana maabara, 5CB, hufanya kazi kati ya nyuzi kama 23 na 35, na asubuhi ya Juni hapa Mbeya iko mbali sana na hapo. Dawa yake ni kibamba cha chuma chenye kipasha joto na kipimajoto, kitu ambacho fundi yeyote wa umeme anakitengeneza.

Wapo watakaosema mbolea na barabara kwanza. Nawaelewa, shambani kwetu nako mbolea inahitajika. Lakini mimi nilifundishwa mwanga kwa chaki na ubao, kidato cha kwanza hadi cha sita, bila kuona hata lenzi moja.

Wiki iliyopita fundi wangu alinibandulia vile vikaratasi vya plastiki vilivyo juu na chini ya kioo cha kikokotoo kibovu, vile vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Nilivipanga kimoja juu ya kingine nikampa mwanawe azungushe. Kwa robo mzunguko, dirisha lote likawa giza. Akarudisha, likafunguka. Alirudia mpaka baba yake alipofunga kibanda.