West Dean: chuo cha mafundi au starehe ya wenye nacho?

Lawama dhidi ya chuo cha West Dean, karibu na Chichester kusini mwa Uingereza, ni ileile kila mara: jumba la tajiri, bustani kubwa, na wastaafu wenye fedha wanaokuja wikiendi kufinyanga bakuli moja. Fundi wa kweli, wanasema, hutoka karakanani.

Wana hoja. Mwanagenzi hulipwa, mwanachuo hulipa, tena si kidogo. Na karakana hukufundisha kasi, na kumtajia mteja bei bila kujipunja.

Ila tazama kazi ya kutengeneza saa, mojawapo ya fani zinazofundishwa pale. Saa ya kale ina mabamba mawili ya shaba, na ncha za chuma za kila mhimili huzunguka katika matundu yake. Mafuta yakiganda na kushika vumbi, punje ngumu hujikita kwenye shaba na kuusaga mhimili, huku tundu likilika upande mmoja hadi linakuwa na umbo la yai. Magurudumu yanaachana, meno hayashikani sawasawa, saa inasimama. Fundi mwenye haraka hugongagonga shaba kuzunguka tundu ili libane. Saa inatembea kwa muda, kisha inarudi, na bamba limejaa makovu. Dawa ni bushi, yaani kipete kidogo cha shaba kinachowekwa tunduni, na hapo ndipo wengi wanapokosea: ukitanua tundu moja kwa moja, kipanuzi kinafuata palipokwisha kuhama, na bushi mpya inakaa pasipo pake. Kwanza upande usiolika unapunguzwa kwa tupa nyembamba ya mviringo, kwa kiasi kilekile cha upande wa pili, ili kitovu kirudi palipokuwa. Ndipo utanue, uingize bushi, uilinganishe na ncha iliyokwisha kung'arishwa, na uache nafasi kidogo ichezecheze. Ukibana sana, saa inasimama tena.

Mwenye karakana, wateja wakimsubiri, atakupa mabamba mangapi ya kuharibu? Fundi anayefanya kazi peke yake akikufundisha kutwa nzima, siku hiyo hakuingiza kitu. Mwaka 2017 shirika la Heritage Crafts lilitaja kazi nne zilizokwisha kutoweka Uingereza, zikiwemo kushona mipira ya kriketi kwa mkono na kutengeneza chekecheke. Karakana zilikuwepo, warithi hawakupatikana.

Hapo ndipo shamba la tajiri linapofaa. Edward James, mfadhili wa wachoraji Dalí na Magritte, aliikabidhi mali hiyo kwa taasisi ya hisani mwaka 1964, na chuo kikafunguliwa 1971. Kinachonunuliwa kwa utajiri huo ni muda wa kukosea. Hata wale wastaafu wanaochekwa, ada zao zinaingia katika chuo hichohicho. Na kazi za kulipwa zipo: studio ya mazulia ya ukutani, iliyoanza 1976, imewafumia wasanii kama Henry Moore na Tracey Emin.

Ada ndiyo isiyoteteeka. Kijana wa mekanika wa Portsmouth hawezi kuibeba bila ufadhili, na ufadhili wenyewe ungefaa uambatane na mwaka mmoja wa ujira katika karakana ya mtu, ambako saa ya mteja ina tarehe ya kuchukuliwa.