Mille Lacs: samaki aliyerudishwa majini naye ahesabiwe

Katikati ya Mei, wiki chache baada ya barafu kuyeyuka, jimbo la Minnesota nchini Marekani hufungua msimu wa kuvua walleye, samaki wa maji baridi aliye nembo ya jimbo hilo tangu 1965. Katika Ziwa Mille Lacs, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 530, msimu huja na ubishi: je, mvuvi wa ndoana aondoke na kitoweo, au alazimike kumrudisha majini kila samaki anayemnasa?

Wanaotetea kurudisha hawasemi ovyo. Miaka ya 2010 akiba ya walleye ilishuka vibaya. Kome wageni walioonekana ziwani 2005 wanachuja maji na kuyafanya maangavu, ilhali macho ya samaki huyu yameumbwa kuwinda kwenye mwanga hafifu. Agosti 2015 jimbo lilifunga msimu kabla ya wakati wake, na mwaka uliofuata likaamuru kila walleye arudishwe. Kwa wenye nyumba za wageni na mashua za kukodisha, agizo hilo lilikuwa nafuu, maana wateja waliendelea kuja. Tena jike kubwa hutaga mayai zaidi ya laki moja, na kumwachia ni akili.

Tatizo ni joto. Mei na mapema Juni maji bado ni baridi, na samaki aliyeachiwa upesi kwa kawaida hupona. Mille Lacs ni ziwa la kina kifupi, mita 13 hivi panapozidi, kwa hiyo Julai hupata joto karibu lote. Hapo samaki aliyechoshwa na mshipi, au aliyemeza ndoana hadi kooni, huogelea akatoweka, kisha akafa mahali asipoonekana.

Mwaka 2016 unaeleza yote. Kiwango salama cha walleye wa kuvuliwa au kufa kwa uvuvi kilikuwa ratli 40,000: jimbo lilipewa 28,600, jamii za Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, 11,400. Wavuvi wa ndoana hawakuruhusiwa kuondoka na walleye hata mmoja, lakini makadirio ya waliokufa baada ya kuachiwa yalivuka fungu la jimbo kabla msimu haujaisha. Serikali ya jimbo ikaacha uvuvi uendelee hadi mapema Septemba. Viongozi wa Waojibwe walilalamika, na walikuwa na haki.

Haki yao ya kuvua inatokana na mkataba wa 1837, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha 1999 kwa kura 5 dhidi ya 4. Wavuvi wengi wa ndoana huzilaumu nyavu za Waojibwe kwa kuwa hutegwa wakati samaki wanataga. Naielewa hofu hiyo, ila walleye aliyeuawa Oktoba naye hatataga Aprili. Zaidi ya hapo, samaki wa nyavuni hupimwa, huhesabiwa, na huliwa. Aliyekufia chini ya ziwa Julai hakumfaa mtu.

Kwa maoni yangu, mvuvi aruhusiwe kuchukua mmoja au wawili Mei na Juni, wa ukubwa uliowekwa ili majike makubwa wasalimike. Kanuni ya namna hiyo si ngeni Kanda ya Ziwa, ambako sangara waliwekewa sentimita 50 hadi 85. Akishapata wake, aache kuwavua walleye siku hiyo; ruhusa ya kuendelea kunasa na kuachia ndiyo inayoua. Maji yakishapata joto, uvuvi wao usimame, kama jimbo lilivyowahi kufanya kwa wiki kadhaa za Julai.

Gharama yake ni kubwa. Julai ndiyo familia ziko likizo, na mwenye vyumba sita kando ya ziwa hawezi kuifidia Novemba. Msamaha wa kodi kwa wiki hizo ungesaidia, na walipe wananchi wote wa Minnesota, si yeye peke yake.