Jimu ndiyo iulizwe, si daktari

Mwandishi wa makala kuhusu barua za daktari ameeleza vizuri jinsi watu wanaougua au kuumia hapa Uingereza wanavyolipia barua hiyo ili jimu (ukumbi wa mazoezi) isimamishe makato ya ada ya kila mwezi, lakini lawama amezielekeza kwa madaktari, na hapo sikubaliani naye. Barua hiyo haimo kwenye mkataba wa daktari wa familia na NHS, huduma ya afya ya umma. Ni kazi ya pembeni, daktari anaweza kuitoza ada au kukataa kabisa kuiandika. Anayeidai ni jimu.

Dada yangu alivunjika kifundo cha mguu. Alikuwa na karatasi aliyopewa hospitali alipotoka, yenye jina lake, tarehe na maelezo yote. Jimu yake ikaikataa, ikataka barua mpya, na bei ya barua ikazidi makato ya mwezi mzima! Mtu yuko kwenye magongo, mnamtuma akatafute ushahidi gani zaidi? Mwajiri mwenyewe hadai cheti kwa siku 7 za kwanza za ugonjwa.

Kwa aliye kwenye hali hii: peleka kwanza karatasi za hospitali au za miadi ya fiziotherapia, na uombe jibu kwa maandishi. Usikimbilie kuzuia malipo benki, utakuja kusumbuliwa na wadai madeni. Wakikataa, nenda Citizens Advice, shirika linaloshauri wananchi kuhusu haki zao; ushauri wao ni bure. Mwaka 2011 Mahakama Kuu, katika kesi ya Ashbourne, kampuni iliyosimamia mikataba ya jimu, ilishaamua kwamba baadhi ya mikataba mirefu ya jimu haimtendei mteja haki, kwa hiyo msidhani kila kilichoandikwa mle hakipingiki.