Napoleon Aliyeishia Kwenye Mkanda

Najua mmeshasikia. Rafiki yangu kawatumia picha, na chini yake kaandika "Askari na mjukuu wake". Haya, chekeni, kisha mnipe nafasi, maana kwenye simulizi lake mimi nalia. Sikulia. Lilikuwa jasho, likapitia machoni.

Mnakumbuka nilivyohangaika na suala la skeli, yaani ukubwa wa vinyago vyangu vya askari. Nilianza na wale wa plastiki wa 1/72, mtu mzima hafiki hata sentimita mbili na nusu. Kumpaka rangi ya vifungo vya koti ni sawa na kumnyoa sisimizi ndevu. Rafiki akanisihi nihamie milimita 28, wanazopenda wachezaji wa vita vya mezani. Nikakataa kwa dharau: wengi wao wana vichwa vikubwa na viganja kama vya golikipa, eti ili waonekane vizuri kwa mbali. Nikaapa kwamba mimi ni 1/32 hadi kaburini, yaani milimita 54, kimo cha jadi cha askari wa kuchezea. Nikapaka Walinzi wa Kaizari 24 kwa ajili ya mandhari ya Waterloo, vita vya mwisho vya Napoleon, mwaka 1815: kofia za manyoya ya dubu, masharubu, hadi mboni za macho. Miezi saba hiyo. Akabaki Kaizari mwenyewe, Napoleon.

Nikamtafuta mtandaoni. Kichwani nina 32. Kwenye tangazo naona 32. Nikalipa hapohapo, mwanamume, bila kusoma neno lililofuata.

Kwa wageni wa mambo haya: 1/32 ni uwiano, binadamu kagawanywa kwa 32. Milimita 32 ni kimo cha kinyago chenyewe. Hayo mawili hayana undugu hata wa kusingiziwa. Na nilikuwa nalijua hilo! Nimeshawahi hata kumcheka mtu kwa kosa hilohilo. (Ndugu, kama unasoma, tuyamalize.)

Kifurushi kikafika siku ileile niliyowaalika wakusanyaji wenzangu waje kuona Walinzi. Mtu mwenye akili angekifungua kwanza, peke yake, mlango umefungwa. Mimi nikakiweka mezani kama keki ya harusi. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikaanza kuhutubia: "Napoleon hakuwa mfupi." Nikawaeleza kwamba ile futi 5 na inchi 2 ilipimwa kwa inchi za Kifaransa, ambazo ni ndefu kuliko za Kiingereza, kwa hiyo mtu alikuwa na kama sentimita 168, kimo cha kawaida kabisa kwa zama zake. "Jamani," nikasema, na hapa nikanyoosha kidole, "ukichanganya vipimo, unamdhalilisha mtu kwa miaka 200!"

Wakapiga makofi. Nikakata gundi.

Nikatoa karatasi. Nikatoa karatasi nyingine. Sanduku likazidi kuwa jepesi. Vidole vyangu vikagusa kitu kidogo, nikadhani ni kofia yake, imekuja kando ili uibandike mwenyewe. Nikakivuta nje. Ilikuwa kofia kweli, lakini chini yake palikuwa na mwenye kofia, kakamilika, mkono ndani ya kizibao, anatazama mbele kama mtu asiyedaiwa.

Hapo ningeweza kuanguka nikazimia, watu wangenihurumia. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea mpango. Ukaenda wenyewe, ukamsimamisha mbele ya Walinzi wake. Kofia yake ikafika kwenye mkanda wa mlinzi wa kwanza. Walinzi 24 wakawa wanatazama mbele juu yake, kama watu wanaojiuliza Kaizari kachelewa wapi.

Kimya. Nasikia saa ya ukutani.

Mzee mmoja, mkusanyaji wa miaka mingi na mpole kupita kiasi, akainama, akavaa miwani. "Mwanangu, huyu ndiye yule mtoto wake, Mfalme wa Roma?"

Nikaona mlango wa kutokea. Nikasema: "Ndiye, Mzee."

"Ahaa. Alizaliwa 1811. Basi mwaka 1815 ana miaka minne." Akapiga hesabu kwa vidole: milimita 32 mara 32, sentimita 102. "Kimo chake kabisa! Hongera." Nikaanza kupumua. Mzee akageuza kichwa. "Ila wakati wa Waterloo mtoto alikuwa Vienna, kwa babu yake." Akainama zaidi. "Na mbona ana kitambi?"

Ndipo rafiki yangu alipotoka nje. Tulimsikia akicheka hadi barabarani, akarudi na simu mkononi, kamera imeshawashwa. Mengine mmeyaona.

Wageni wakanywa chai, wakaaga haraka haraka, mmoja akinipigapiga bega kama tuko msibani. Mzee ndiye aliyebaki kunisaidia: tumempeleka Kaizari nyuma kabisa ya mandhari, juu ya kilima, ili aonekane mdogo kwa sababu yuko mbali. Ukitazama kwa jicho moja, umechuchumaa, inakubali.

Bado kuna farasi wake mweupe. Kafika leo asubuhi. Ubavuni mwa sanduku naona 1/35. Sijalifungua.